Shikamoo Iliyookoa Simu Yangu

Mimi siibiwi, mji mzima unajua. Ndiyo maana Jumapili, kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja pale Kijenge, nilisokomeza simu yangu mpya ndani ya kiatu, nikaziba na soksi, nikajitupa majini. Mama mmoja wa Kichaga, aliyekaa kivulini akiwachunga wajukuu zake, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hapo ndipo wote wanapoficha."

Nikamcheka. "Mama, hiyo soksi inajilinda yenyewe!"

Nilipoibuka upande wa pili, nikaona jamaa wa miwani ya jua ameshika kiatu changu. Nikaogelea mbio kurudi. Mama wala hakupiga kelele. Alimkazia macho tu, mpaka jamaa akaona aibu kukaa kimya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nyumbani hawajambo? Wewe mtoto wa nani?"

"Wa... mzee mmoja wa Ngaramtoni."

"Ngaramtoni ya juu au ya chini? Mnasali usharika gani? Mama yako yuko kwaya? Hebu kaa hapa, huenda namjua."

Jamaa alikiweka kiatu chini polepole kama analaza mtoto, akatokomea.

Mama akanisogezea kiatu kwa ncha ya kandambili. "Na wewe, tangu umefika hujanisalimia."

Nikamwamkia huku maji yananichuruzika. Siku hizi nikienda kuogelea, kwanza natafuta mama wa kumpa shikamoo, halafu simu naiacha miguuni pake. Si nilisema siibiwi?