Mbuzi Aliyeng'oka Pembe

Ofisini walimwita Mama Mhuri, ingawa kazi yake ilikuwa kuuondoa mhuri. Kwa miaka miwili aliandika programu ya kukagua vyeti vya afya ya mifugo: maabara inatia saini ya kidijitali, geti la kituo cha ukaguzi linaithibitisha, lori linapita. Herufi moja ikibadilika njiani, saini inakataa.

Siku ya tatu tangu mfumo uanze, mbuzi na kondoo walikuwa wakipita. Ng'ombe walikataliwa, wote. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mwisho saa saba. Baada ya hapo narudi kwenye karatasi, na hiyo programu yako irudi ilikotoka."

Programu ya kutia saini, iliyoandikwa kwa Java, ilikuwa ya mume wa mdogo wake, mtaalamu wa maabara. Ya kukagua, yake yeye, ilikuwa ya Python, lugha ya kompyuta yenye jina la chatu. Siku zote tatu lawama alimtupia shemeji.

"Shemeji, funguo zako za kutia saini mbovu," alisema kwenye simu.

"Ni zilezile zinazopitisha mbuzi, dada. Au ng'ombe wana kufuli lao?"

"Usinichekeshe. Nina malori kumi na moja nje."

"Basi muulize chatu wako. Chatu na ng'ombe lini walilala zizi moja?"

Mama Mhuri akakata simu. Funguo alishazikagua mara nne, na zilikuwa sawa.

Saa sita kasoro robo karani wa geti aliingia akicheka. "Mama, leo hata mbuzi kagoma. Mmoja tu. Naona kajiunga na ng'ombe."

Mama Mhuri akaomba cheti cha mbuzi huyo. Beberu, miaka miwili, amechanjwa. Kwenye maelezo daktari alikuwa ameandika: pembe ya kushoto imeng'oka.

Alichukua kalamu, akaandika ng'ombe, na chini yake imeng'oka. Kisha akazungushia duara kile kialama cha juu ambacho watoto wa darasa la kwanza hukisahau wakakaripiwa.

Alikifungua cheti kama kilivyotoka maabara. Mahali pa kialama, Java ilikuwa imeandika \u0027, namna nyingine tu ya kuandika kitu kilekile, na hivyo ndivyo cheti kilivyotiwa saini. Programu yake yeye ilikuwa ikikisoma cheti, ikikiandika upya kwa mwandiko wake, kialama kikirudi, ndipo inakagua. Ni kama kufungua bahasha, kunakili barua, kisha kushangaa kwa nini lakiri ya bahasha haishiki kwenye nakala.

Alihamisha mstari mmoja juu: kagua kwanza kilichofika, ndipo ufungue. Saa saba kasoro dakika nane lori la kwanza la ng'ombe lilipita. Mkuu alitazama skrini, akarudisha vitabu vya karatasi kabatini. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Ikabaki simu.

"Shemeji, kosa lilikuwa langu."

"Rudia, mtandao unakatika."

"Umesikia."

"Nimesikia mimi. Mdogo wako hajasikia, na siku tatu nzima amekuwa upande wako."

"Nitamwandikia."

"Haya, ila utie saini, dada. Sisi huku tutaikagua kabla ya kufungua."