Ukuta wa Nyuma

Tulipokuwa wadogo, nyumba ilifika nyumbani kidogo kidogo, juu ya vichwa vyetu: fito, nyasi za kuezekea, maji ya kuchanganyia udongo. Nyinyi mliokulia Itilima mnajua. Udongo ulichanganywa na mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa, kisha sisi watoto tukaingia kuukanyaga, tope hadi magotini, tukisukumana na kujifanya tunachapa kazi. Mayu, mama yetu, ndiye aliyekandika. Alianzia chini, akapandisha kwa viganja hadi chini ya paa, na ukuta ulipokauka mistari ya vidole vyake ilibaki pale. Jioni tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, tope bado limeganda kwenye viwiko.

Mwaka mmoja, mpunga ulipokwisha kuvunwa, mimi na kaka yangu Masanja tulijenga nyumba yetu wenyewe nyuma ya zizi. Tulifunga mabua mafungu mafungu, tukayapanga, tukakandika ukuta wa mbele ambao watu wangeuona. Wa nyuma tukauacha, maana tulichoka. Asubuhi tulikuta kichwa cha dume jekundu la ng'ombe kimetokeza mlangoni, kinatafuna. Lilikuwa limeingia kwa kuula ukuta wa nyuma. Masanja alilia. Mayu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatuambia, "Ng'ombe hajui kama hiyo ni nyumba. Mngekandika na nyuma, asingeigusa."

Leo Mayu ni mzee. Tulimjengea nyumba ya tofali za saruji na mabati, naye anaionea fahari. Lakini miezi ya joto, jua likipanda, ndani hapakaliki. Nilikuwa nikija kutoka Somanda, ninakoishi, namkuta nje na mkeka wake, anakifuata kivuli kila kinapohama. Ndipo nikayakumbuka yale mabua.

Nilipomweleza kwamba ukuta wa mabua haupitishi joto, nami nataka kumjengea nyumba hiyo, alikataa katakata. Alisema alizaliwa kwenye nyasi, akahangaika kutoka kwenye nyasi, na sasa watu watasema watoto wameshindwa kumtunza. Binti wa Masanja, Kulwa, naye akanicheka. "Shangazi, wenzako wanahama kwenye nyasi, wewe unahamia!"

Sikubishana nao. Nilianza kujenga kwenye kiwanja cha pili, jirani na nyumba yake, nikasema ni nyumba yangu, huku nikiomba moyoni siku moja Mayu aingie. Kazi yenyewe si ya kuogopesha, hata wewe unaiweza. Unatengeneza sanduku la mbao, unashindilia ndani mabua makavu kabisa, unafunga kwa kamba ya katani, na unapata robota kama la pamba, ila dogo. Ukichomeka mkono ndani yake ukahisi unyevu, liache, litaoza. Msingi ni wa mawe, umeinuliwa ili maji ya mvua yasifike. Marobota unayapanga kama tofali, kila moja likikalia maungio ya yaliyo chini, na unayapigilia vijiti yasitikisike. Paa la mabati litokeze sana nje ya kuta. Mwisho unakandika udongo mzito, ndani na nje. Kulwa alikuja kusaidia kukanyaga. Kwanza aliuliza buti ziko wapi, kisha akajipiga picha, kisha ndipo akaingia. Sisi tuliingia kwanza, na picha hatuna.

Wingu la mvua lilipoanza kukusanyika, kuta tatu zilikuwa tayari. Mayu alikuja na fimbo yake. Aliipita mbele, akazunguka moja kwa moja hadi nyuma, akasimama mbele ya mabua yaliyo wazi.

"Na huku je?" akauliza. "Mnamsubiri yule dume?"

Akavua kandambili, akaniambia nimsogezee udongo. Tulikandika pamoja mpaka jua likawa utosini. Kisha akaingia ndani kupumzika, kwenye ubaridi, akaegemea ukuta.

"Kulwa," akaita, "kaniletee mkeka wangu."

Mkeka haujatoka tena. Mvua zilikuja zikapita, na ukuta wa nyuma umekauka vizuri. Wakati mwingine nazunguka kuutazama. Zamani mistari ya vidole vyake ilifika hadi chini ya paa. Sasa inaishia usawa wa dirisha. Kutoka hapo kwenda juu, ni ya kwangu.