Ala Mpya ya Bastola ya Mzee Halvor

Saa moja asubuhi, na mikono ya Verna Skogstad imeshalowa. Anaichomoa kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu ala ya ngozi aliyomaliza kuishona jana, anaikung'uta, anaiweka mezani, kisha anasukumiza ndani yake rivolva ya kale iliyozungushiwa nailoni nyembamba. Anaanza kuikanda ngozi kwa vidole gumba, taratibu, akifuata umbo la chuma kilichomo ndani mpaka silinda yake inaanza kujichora kwa nje.

Kando ya jiko la kuni ameketi Orrin Tande, mfugaji wa ng'ombe mwenye umri wa miaka sabini na moja, akimtazama kama mzazi aliyempeleka mwanawe kunyolewa kwa mara ya kwanza.

"Usiibane hivyo, Verna. Ina miaka zaidi ya mia na arobaini hiyo."

"Imevumilia theluji ya Montana, itashindwa na vidole vyangu?" anajibu bila kuinua macho. "Kunywa kahawa yako, mzee."

Verna, sitini na tatu, ni fundi matandiko ya farasi wa Terrill, mji mdogo wa mashariki ya jimbo la Montana. Karakana yake iko nyuma ya duka la chakula cha mifugo, na watu wa huku huijua kwa harufu kabla hawajauona mlango. Kazi alifundishwa na baba yake, ambaye alihangaika miezi kadhaa kumlazimisha ashone kwa mkono wa kulia, akanyoosha mikono. Hadi leo Verna anashona kwa kushoto.

Haimtajirishi. Majira ya baridi, wafugaji wanapokaza mikanda, hubakiwa na dola mia saba hivi kwa mwezi. Anashona hatamu, mikanda ya mbwa, na ala za bastola kwa wale wanaopenda vitu vya enzi za babu zao.

"Kwa muda mrefu Orrin hakuwa mteja wangu," anasema. "Alikuwa mtu wa kuja kunikalia tu."

Rivolva iliyo mezani ilinunuliwa na babu wa baba yake Orrin, Halvor Tande, mwaka 1884, alipokuwa akichunga ng'ombe wa watu. Ala yake iliteketea na banda la farasi, miaka mingi kabla Orrin hajazaliwa. Miaka sita iliyopita yeye na mkewe, Margit, waliamua kuitafutia nyingine ya zama zilezile. Kila Jumamosi yenye maonyesho au mnada, walipanda gari wakaenda, hata Wyoming, hata Dakota. Margit ndiye aliyefunga sandwichi za mayai na kujaza chupa ya kahawa.

Margit hakujali bastola. Alipenda safari. Ndiye pia aliyesema tangu mwanzo kwamba wangemaliza jambo hilo kwa wiki moja wakimpa Verna kazi. Orrin akajibu kwamba ala mpya kwenye bastola ya kale ni sawa na kumwekea farasi mzee meno ya bandia. Maneno hayo yalimfikia Verna, na kiangazi kizima kile akawa anamsalimia Margit tu.

Miaka miwili iliyopita saratani ilimchukua Margit. Orrin aliendelea kusafiri peke yake.

Februari mwaka huu aliingia karakanani na kitu kilichofungwa kwa taulo. Alikuwa ameipata. Mfanyabiashara mmoja wa Billings alimuuzia kwa dola elfu moja na mia nane na kumpa siku kumi za kurudisha akibadili mawazo. Hakuja kuuliza, alikuja kuonyesha. Verna anasema hakuwa amemwona akitabasamu hivyo tangu mazishi.

Ilikuwa ala nzuri, nyeusi kwa mafuta na umri, kingo zimelika. Verna aliigeuza, akatazama nyuzi. Zililalia upande usio wa kawaida, upande ambao mshono hulalia anaposhona mtu wa kushoto. Akapitisha kidole chini ya mkunjo wa nyuma, mahali anapogonga alama yake siku zote. Hapakuwa na alama, ila ngozi pale ilikuwa nyembamba. Mtu alikuwa ameikwangua.

Ala ile aliishona yeye, miaka kumi na mmoja nyuma, kwa dola mia moja na thelathini. Aliyeinunua alikuwa mpita njia. Baadaye mkono fulani uliisugua mchanga na kuizeesha.

"Niliwaza kunyamaza," Verna anasema. "Kabisa niliwaza. Ningesema ni nzuri, na haingekuwa uongo, kwa sababu ni nzuri. Yeye angeenda zake na furaha yake. Nikaenda kujimiminia kahawa nisiyoitaka ili nimpe kisogo."

Aliporudi hakuzunguka. Alimwambia kwamba ile ni kazi ya mikono yake. Orrin akamuuliza kama ana hakika. Verna alitungua ala nyingine ukutani, akaziweka mbili hizo pamoja, nyuzi kwa nyuzi, akamwachia aangalie mwenyewe.

Orrin alizifuata nyuzi kwa ukucha, za hii kisha za ile.

"Kwa hiyo nimezunguka majimbo matatu," alisema hatimaye, "natafuta kazi ya jirani yangu."

"Ndiyo."

"Margit angenicheka mpaka machozi yamtoke."

Akacheka yeye, na machozi yakamtoka yeye.

Leo, akiwa kando ya jiko, Orrin anasema pesa hazikumuuma. Mfanyabiashara alizirudisha zote, akiapa kwamba naye aliuziwa hivyohivyo. "Kilichoniuma ni kwamba nilishapita makaburini kumwambia Margit nimeipata. Halafu nikajikuta sijui, ile Jumamosi inayofuata, niendelee kutafuta au niache. Na nikiacha, nifanye nini?"

Kwa wiki tatu hakuonekana mjini. Aliporejea alikuwa na rivolva mkononi na picha ya Halvor aliyoitoa ukutani jikoni kwake, mzee amesimama na ala yake kiunoni, imepenyezwa kwenye vitanzi viwili vya ngozi. Akaviweka vyote mezani.

"Shona."

"Si ulisema ni meno ya bandia?"

"Yangu mwenyewe ni ya bandia tangu mwaka juzi, na nyama naila."

Verna alichagua ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya mwaloni, kama walivyofanya wakati ule, akakata kwa kufuata picha. Orrin alipoanza kunung'unika kwamba inang'aa mno, Verna alimwambia jambo ambalo Orrin bado analirudia: siku Halvor aliponunua bastola ile, ala yake ilikuwa mpya.

Mwezi ujao Orrin atapanda farasi katika gwaride la mji, na watu watauliza. Ameshaliandaa jibu. "Nitawaambia ina wiki tatu, na kwamba wakitaka yao foleni inaanzia nyuma yangu."

Verna anaichomoa rivolva, anaifuta, anamrudishia. Ala anaitundika mbali na moto ikauke polepole. Kabla ya kuishona alichoma ndani yake kwa chuma cha moto jina lake na mwaka, kina kirefu, katikati ya ngozi, ambapo hakuna awezaye kukwangua bila kuitoboa. Anasema kuanzia sasa kila ala itakayotoka hapa itakuwa hivyo, hata mteja akikataa.

"Miaka mia ijayo hii itakuwa ya kale kwelikweli," anasema akikausha mikono. "Sisi hatutakuwepo. Nataka atakayeipata asihitaji kumuuliza mtu."