Zege la Siku Saba

Fundi mwashi yule walimwita Timazi kwa sababu hajawahi kujenga ukuta ukapinda. Kazini, mwache kabisa. Lakini nyumbani, jamani, subira hana hata ya kungoja chai ipoe, na ushahidi upo: mtoto wao wa tatu, ambaye mtaa mzima unamwita Haraka.

Mkewe ni msusi, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa ulimi. Miaka mitatu nyuma alianza vidonge vya uzazi wa mpango katikati ya mwezi. Akameza viwili tu, Timazi akasema si vimeshaingia tumboni, tunangoja nini tena? Miezi tisa baadaye Haraka huyo, mnene, anacheka. Msusi alimpenda papo hapo, ila kiti chake saluni kilishapata mtu mwingine. Miaka miwili alisuka watu barazani kwake, juani, mpaka Shangazi mwenye saluni akamrudisha, tena kwa sharti. "Mimba nyingine, mwanangu, kiti nampa mtu. Nakupenda sana, lakini upendo hausuki wateja."

Kwa hiyo safari hii hakutaka kubahatisha. Timazi alikuwa mji wa mbali, mwezi wa pili huo, anajenga nyumba ya ghorofa. Msusi akaenda zahanati. Nesi, mama wa makamo asiyecheka ovyo, akampima presha, akahakikisha mimba hakuna, kisha akamweleza.

"Mama, ukianza vidonge hivi ndani ya siku tano za kwanza za hedhi, vinakulinda palepale. Ukianza siku nyingine, kama wewe leo, bado hujalindwa mpaka umeze siku saba mfululizo. Kimoja kila siku, saa ileile. Katika hizo saba, mume akae kando au avae kondomu."

"Mume wangu hayupo," msusi akajibu kwa raha zake. "Anarudi mwisho wa mwezi."

Thubutu! Kidonge cha tatu hata hakijatulia tumboni, huyo mlangoni, begi begani, meno yote nje. Wameshamwaga zege la ghorofa, akasema, kibarua anabaki kulimwagilia maji, na fundi hana kazi mpaka likomae. Watoto wakamrukia. Msusi naye akafurahi, kisha akahesabu vidonge vyake, furaha ikaingia mchanga.

Watoto walipolala akamweleza yote, akamwekea pakiti ya kondomu mkononi. Timazi akaitazama kama ameletewa saruji iliyoganda.

"Mke wangu, dawa ya kichwa inafanya kazi kabla hujarudisha kikombe mezani. Hii ya siku saba inakuja kwa miguu? Zege halilali!"

"Leo litalala," msusi akamjibu. "Na wewe utalala sebuleni."

Akaenda, ananung'unika njia nzima, na njia yenyewe ni hatua chache. Msusi alibaki anageukageuka kitandani. Tusidanganyane, alikuwa amemmisi mumewe, na aliuogopa moyo wake kuliko wa mwanamume. Aliinuka mara mbili, na mara zote mbili akakikumbuka kile kiti.

Kesho yake Timazi, bado amenuna, akampeleka Haraka kwa mama yake saluni. Msusi alikuwa amezama kwenye kichwa cha mwalimu mmoja mwenye kicheko kikubwa. Simu ya Timazi ikalia. Ni mwenye nyumba, anataka kupandisha matofali juu ya zege leo hii, maana eti limeshakauka.

"Limekauka kwa macho!" Timazi akafoka, saluni nzima ikageuka. "Juu kavu, ndani bichi! Mzee wangu, usiniharibie kazi. Siku saba! Ukilitwisha mzigo leo, huo ufa utaishi nao. Haraka ya nini? Mtu mzima unashindwa kuvumilia siku saba?"

Akakata simu, anahema. Ndipo akaona nyuso zote bado zimemgeukia. Saluni haina siri bwana, na habari za sebuleni zilishafika tangu asubuhi.

"Baba Haraka," mkewe akasema, chanuo liko hewani, "hebu rudia. Siku ngapi?"

Mwalimu alicheka mpaka msuko ukafumuka. Shangazi akafuta machozi kwa taulo la mteja. Timazi akamtazama mkewe, akamtazama Haraka anayechezea vibanio sakafuni, akaondoka.

Kicheko kilipokwisha, msusi akaanza kujuta. Kumwaibisha mume mbele za watu si mchezo. Je, akisema vidonge hivyo vitupwe? Alirudi nyumbani roho mkononi.

Wakala, watoto wakalala. Saa ya kidonge ilipofika, msusi hata hajainuka, akaona kikombe cha maji kimewekwa mbele yake, na vidonge vimelazwa kwenye kisahani.

"Meza," mume akasema. "Zege lisipopata maji kwa wakati linapasuka. Kazi hii naichukua mimi."

"Hasira zimeisha?"

"Ninazo. Umenianika, mke wangu." Akakaa. "Lakini nimemwona Haraka pale chini, nikakumbuka ulivyokuwa unasuka watu juani na yeye mgongoni. Kiti kile nilikupotezea mimi. Hukunisema hata siku moja."

Msusi akameza kidonge na machozi pamoja.

Fundi akachukua mto wake bila kuambiwa, akaelekea sebuleni. Mlangoni akasimama, akajikuna shingo.

"Hivi... ile pakiti ya jana uliiweka wapi?"

Msusi aliangua kicheko mpaka Haraka akaamka, ikabidi abembelezwe upya, na Timazi akangoja kwa adabu. Kiti cha saluni hakijapata mtu mwingine mpaka leo, na mleta maji ni yuleyule.