Fundi wa Kitengela Aliyeizuia Mashine Kumwaga Maziwa

Saa moja asubuhi, Nzembi Mulwa amechuchumaa kando ya mashine ya kujaza maziwa katika kiwanda kidogo mjini Kitengela. Pakiti zinashuka moja baada ya nyingine, zimejaa sawasawa. Sakafu ni kavu.

"Mwezi wa nne ungenipata hapa na gambuti," anasema akicheka. "Maziwa ilikuwa inamwagika mpaka paka wa mtaa mzima wakahamia hapa."

Nzembi, 34, mzaliwa wa Mashuuru, alianza kwa kutengeneza redio mwaka 1993, kisha akasoma elektroniki jioni kwa miaka minne. Mapema mwaka huu wa 2006, mwenye kiwanda, Abdinoor, alinunua mashine kuukuu ambayo ubongo wake wa kielektroniki ulikuwa umeungua. Nzembi akaunda mwingine kwa chipu ndogo ya bei nafuu.

Mashine ikienda polepole, ilitii. Ikiharakishwa, ilifurika.

"Fundi, niko na wamama sitini wananiletea maziwa," Abdinoor alimwambia. "Wiki moja. Ikikataa, turudi kujaza na mkono, na nusu ya hao wamama niwaambie wasilete tena."

Mtaalamu mmoja alishauri chipu kubwa iagizwe ng'ambo. Ingechukua miezi mitatu. Nzembi akaazima kifaa cha kupimia mawimbi ya umeme, akakaa nacho siku nne.

Hapo ndipo alipogundua kosa. Kihisi kinachopima maziwa yanayopita hutoa mapigo ya umeme elfu mbili kwa sekunde mashine ikienda kasi. Kwa kila pigo, programu aliyoiandika Nzembi ilikuwa ikiomba ruhusa mara tano kwa kiini cha mfumo, yaani msimamizi anayegawa kazi ndani ya chipu. Kila ombi, chipu iliacha ilichokuwa ikifanya, ikaweka kumbukumbu zake kando, ikamsikiliza msimamizi, ndipo ikarudi. Kabla maombi matano hayajaisha, pigo jingine lilikuwa limeshapita bila kuhesabiwa. Mashine ikazidi kumimina, ikidhani pakiti bado haijajaa.

"Niliona aibu," anakiri. "Nalaumu chipu, kumbe ni mimi naitumatuma bure."

Akaiandika upya programu: mapigo yahesabiwe palepale yanapoingia, na msimamizi aitwe mara moja tu, pakiti ikijaa.

Siku ya majaribio, Ardo, anayewaongoza wanawake wanaoleta maziwa, alisimama amekunja mikono.

"Fundi, leo utatuaibisha?"

"Mama Ardo, wewe angalia tu."

Zikapita pakiti mia mbili kwa kasi kamili. Ardo akapima moja kwenye mizani, akapima ya pili, akachomoa nyingine kutoka katikati ya kreti. Zote sawa. Akapiga kigelegele, Abdinoor akasahau ukubwa wake akapiga makofi kama mtoto.

Sasa Nzembi anapanga kufungua darasa la Jumamosi, kuanzia Septemba, kwa yeyote anayetaka kuifahamu kazi hii ya kuziandikia chipu programu. Aliyejiandikisha wa kwanza ni Ardo, mwenye miaka 51.

"Kompyuta sijui hata kuwasha," anasema Ardo, "lakini hiyo kitu ilikuwa inamwaga maziwa yangu, nataka niijue kwa jina."