Mrututu wa Baba

Enzi zetu pale Bongwe, watoto wa kike tulicheza kupikapika. Mchanga ulikuwa wali, majani yalikuwa mchuzi, na mgeni alikaribishwa kwa adabu zote.

Baba alilima nyanya. Ukungu ulipozishika, aliyeyusha mrututu, yale mawe ya buluu yanayong'aa kama vipande vya chupa, akauchanganya na chokaa na kunyunyizia shamba zima. Bibi aliutia kwenye kwato za mbuzi zilizooza, na huko Diani wahudumu wa hoteli waliutumia kuua ukijani wa mabwawa ya kuogelea. Mama alituambia, "Msiguse, hiyo ni dawa." Dawa kwetu ilikuwa kitu cha kuponya.

Alasiri moja, tulipotoka madrasa, niliokota kijiwe kimoja ghalani nikakitia kwenye kifuu cha maji. Yakawa buluu, mazuri kuliko sharubati ya Idi. Nikampa mdogo wangu Mwanasiti, aliyekuwa na miaka minne. Alipiga mafunda mawili, akakunja uso.

"Dada, mbona ina ladha ya chuma?"

Haukupita muda akaanza kutapika kijani, amejishika tumbo. Mama alikuja mbio akiuliza amekula nini. Nikakificha kifuu nyuma yangu. Jirani akatoa gari lake la mizigo, tukapelekwa hospitali Msambweni.

Daktari naye aliuliza lilelile. Nikamtazama mama, nikasema, "Ni mrututu. Mimi ndiye niliyempa."

Daktari hakunikemea. "Umefanya vyema kusema," alinijibu. "Huchoma tumbo, ukaharibu ini na figo. Sasa tunajua la kufanya."

Mwanasiti alilazwa siku nne, akatoka amekonda na kudai mahamri. Baba hakunichapa. Alisema, "Kosa langu, mwanangu. Niliuacha chini." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kabla. Akaufungia mrututu sandukuni, ingawa yeye mwenyewe aliendelea kuuchanganya kwa mikono mitupu, ngozi ikipasuka na macho yakiwasha.

Vijana wanaolima sasa huvaa glavu na miwani. Wangemwona baba wangempiga picha, wakamcheka mtandaoni. Wametushinda kwa akili, sibishi. Ila mtoto wa jirani akiugua, wao hutuma kikatuni cha kulia kwenye kundi la simu, basi. Siku ile ya Mwanasiti, wanawake wa mtaa mzima walizima meko yao, wakaja kukaa na bibi mkekani hadi gari liliporudi.