Niligongwa kichwa, pua ikazima: nilivyopimwa harufu Tororo

Wakuu, habari zenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sitii chumvi.

Nauza omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, Busia, upande wa Kenya. Mzigo nachukua ng'ambo, Uganda.

Miezi kadhaa iliyopita nikitoka Mukuju, huko huko Uganda, boda niliyopanda iliteleza, nikaangukia kisogo. Nikashonwa hospitali ya Tororo, nikalazwa, nikatoka. Watu wakasema pole, kidonda kilipokauka wakasema umepona.

Umepona wapi! Chai ikawa maji ya moto yenye sukari. Nikadhani ni mafua.

Kwa wasiojua biashara hii: kabla hujanunua gunia la omena, unazamisha mkono hadi katikati, unatoa konzi, unanusa mbele ya muuzaji. Hapo ndipo bei inaanzia.

Nami nikaendelea kunusa na kutikisa kichwa kama expert, huku sisikii kitu. Gunia moja nililonunua likawa limeoza katikati. Wateja wameziba pua, mimi nimekaa kando yake nakula mandazi.

Soko likacheka. Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nililia, kwa sababu bila pua sina kazi.

Nikarudi hospitali Tororo. Daktari, mama mmoja mpole, akanifunga macho, akaniziba tundu moja la pua, akaleta vichupa. Kahawa. Sabuni. Karafuu. Kisha tundu la pili.

"Wewe nasikia nini?" akawa ananiuliza kwa Kiswahili cha Uganda. Kila mara nikajibu, hakuna.

Cha mwisho kikanichoma hadi machozi. Nikaruka: "Daktari, hiyo nimeisikia!"

Akanifungua macho. "Pole, ssebo," yaani bwana. "Hiyo ni ammonia. Yenyewe nachoma tu. Hata mtu hasikii harufu anasikia ile kuchoma."

Akanieleza kwamba nyuzi za harufu huenda zilikatika nilipoanguka. Zinaweza kurudi polepole, zinaweza zisirudi. Ninuse kahawa na karafuu asubuhi na jioni, kuizoeza pua. Na chakula kilicholala anuse mtu mwingine.

"Nani nakaa na wewe nyumbani?"

Hakuna. Wakuu, swali hilo liliniuma kuliko ammonia. Hata nikinuka mimi mwenyewe, nani ataniambia? Nikaanza kukaa mbali na watu. Hata kanisani nilihamia benchi la nyuma, peke yangu.

Juzi nilichoka kujificha. Nikamweleza Nekesa, mama wa upande wa Uganda anayeuza kwenye meza ya jirani na yangu. Hakucheka. Tulienda wote kwa muuzaji, akazamisha mkono kwenye gunia nililolitaka, akanusa.

"Hii iko sawa, beba."

Halafu akasogea begani kwangu, akakunja uso. "Lakini hii shati, enda fua."

Siku hiyo nilishinda na furaha ndani ya shati linalonuka. Tangu nianguke, hakuna mtu aliyekuwa amenisogelea kiasi hicho.

Nilichojifunza: ukigongwa kichwa usiangalie kidonda tu. Omba wakupime pua pia, na uwaambie watu mapema, usikae nalo kama mimi.

Mimi bado sisikii kitu. Kama kuna mwenzangu humu harufu zilimrudia, naomba aniambie: ilianza ipi?